MBEGU ZA MUHOGO NI NYINGI, NA WINGI WAKE UNA KAZI

(Hotuba iliyosomwa Kilindoni, Mafia, mbele ya wazee wa vijiji, waalimu na wakulima.)

 Nimeombwa niseme maneno juu ya habari za mbegu, nami nimekubali, ijapokuwa kazi yangu ni ukarani na mkono wangu umezoea kalamu kuliko jembe. Najua wako watakaosema moyoni, Karani huyu ametoka wapi hata atufundishe muhogo, sisi tuliokuwa tukiupanda kabla yeye hajazaliwa? Wanasema kweli. Sikuja kuwafundisha kulima. Habari nitakazosema, nyingine nimezisoma katika vitabu, na nyingine nimezipata kwa hasara yangu mwenyewe, tena si yangu peke yangu.

Afadhali nianze na hasara hiyo, maana ndiyo iliyonisukuma kusoma hivyo vitabu.

Mimi ni mtu wa kuja. Kwetu ni Masasi, na elimu yangu niliipata katika shule ya misheni huko kusini. Nilipohamishiwa hapa Mafia nilipata konde dogo, nikataka kulima muhogo kama watu. Basi safari moja nilikuwa narudi kutoka bara, na hapo Nyamisati, nikingoja chombo cha kuvukia, nikamwona mtu anauza miti ya muhogo. Ilikuwa mizuri ajabu, minene, imenyoka, na mwenyewe akaniapia kwamba muhogo wake ni mtamu, haukawii kukomaa, na sokoni haukosi mnunuzi hata siku moja. Nikanunua mizigo miwili. Sikuuliza habari za ugonjwa, wala sikulitazama hata jani moja, kwa kuwa majani yote yalikuwa yamekwisha kupukutwa. Nilipofika nikapanda, na kwa kupenda kuonekana mtu mwema nikawagawia majirani watatu. Wawili kati yao waling'oa mbegu zao za zamani ili wapate nafasi ya kupanda mbegu ya Bwana Karani.

Mihogo ikastawi. Kila aliyepita njiani aliisifu. Hata ulipofika mwezi wa tisa tangu kupanda, Ramadhani ilikuwa imekaribia, na ninyi mwajua zaidi yangu muhogo wa nazi ulivyo katika futari. Tukaanza kung'oa. Mzizi ulitoka ardhini mnene, ganda lake safi, hauna alama yoyote ya kukutia shaka. Ukiukata, ndani una madoa ya rangi ya kahawia, makavu, magumu kama kizibo cha chupa. Ukaukata wa pili, vile vile. Jirani mmoja alikata mizizi saba kabla hajapata mmoja wa kutia chunguni. Mwezi ule mzima nilikuwa nikipita njia ya nyuma kwenda kazini nisionane na mkewe.

Jirani wa tatu ni bibi mzee, naye hakung'oa kitu. Miti yangu aliipa pembe moja tu ya shamba, na kwingine alikuwa na mbegu zake mwenyewe, sita kwa hesabu yake, zimechanganyika kiasi cha mgeni kudhani hazina mpango. Ile pembe yangu ilioza kama ya wenzake. Mbegu zake mbili zilikuwa na madoa kidogo. Nne zilikuwa safi. Hakunilaumu, ila aliniuliza swali moja: "Mjukuu wangu, kwa nini ugonjwa uingie huu uache ule, na udongo ni mmoja na mvua ni moja?" Sikuwa na jibu. Hotuba hii ndiyo jibu langu, nalo limechelewa kidogo.

Muhogo si mmea wa asili ya nchi hizi. Kwao ni Amerika ya Kusini, pande za Brazil. Wareno waliuleta pwani ya magharibi ya Afrika katika karne ya 16, na huku kwetu mashariki ulienea zaidi tangu karne ya 18. Fikirini jinsi ulivyokuja. Huko kwao ziko mbegu za muhogo zisizohesabika, machungu na matamu, ya majani mapana na membamba, na pamoja nayo porini wako ndugu zake wasiolimwa. Lakini merikebu haikupakia mashamba yote ya Brazil. Ilipakia kidogo tu, na kutoka katika kidogo hicho ndimo ilimotoka mihogo yote ya bibi na babu zetu.

Tena liko jambo la pili. Mahindi huzaliwa kwa punje, na kila punje ina baba na mama, kwa hiyo watoto hawafanani sawasawa, kama watoto wa nyumba moja wasivyofanana. Bali muhogo twaupanda kwa kukata mti. Ukikata mti mmoja vipande kumi, hukupata mihogo kumi yenye tabia kumi, umepata muhogo ule ule mmoja uliosimama mahali kumi. Ndani ya kila mmea zimo chembe za urithi zinazouamuru uwe mrefu au mfupi, mtamu au mchungu, uweze ugonjwa fulani au usiuweze. Katika vipande vile kumi chembe ni zile zile. Ikiwa mmoja hauwezi ugonjwa, hata mmoja hautauweza. Hilo ndilo lililopata mashamba yangu na ya wale majirani wawili: tulikuwa na mashamba matatu, lakini muhogo ulikuwa mmoja.

Watu wa nchi nyingine wameonja jambo hili kwa uchungu mkubwa zaidi. Huko Ireland, mwaka 1845, viazi vya watu maskini vilikuwa karibu vyote vya mbegu moja iliyoitwa Lumper, navyo pia hupandwa kwa vipande. Ukaingia ugonjwa wa kuozesha, na kwa miaka michache watu zaidi ya milioni moja wakafa kwa njaa na kwa maradhi yaliyofuatana nayo. Najua mambo mengine pia yaliikuza njaa ile, hasa namna nchi ilivyotawaliwa na ardhi ilivyomilikiwa. Lakini ugonjwa haukupata mahali pa kusimama, kwa kuwa kiazi hiki na kile kilikuwa kimoja.

Wala hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta mifano. Uganda, pande za mashariki na kaskazini, watu walipenda mbegu moja ya muhogo iitwayo Ebwanateraka. Ilikuwa na mazao mema na watu wakaieneza kila mahali. Tangu mwaka 1988 ukazuka ugonjwa wa batobato mkali kuliko ule wa zamani, ukaanzia pande za Luwero, ukasonga mbele mwaka kwa mwaka. Ebwanateraka haikuuweza kabisa. Katika miaka ya 1990 mashamba mengi yaliachwa, na mahali pengine watu walikufa njaa. Mbegu iliyokuwa katika kila shamba ikawa ni vigumu hata kuiona.

Sasa nataka kuwaeleza dawa ilitoka wapi, maana ilitoka hapa hapa kwetu Tanzania.

Wengi mmesikia jina la Amani, katika milima ya Usambara ya Mashariki, juu ya Muheza. Wadachi walijenga pale mahali pa kuchunguza mimea mwaka 1902, na bustani ya miti iliyokusanywa kutoka pande nyingi za dunia. Ugonjwa wa batobato, ule unaokunja majani na kuyatia mabaka ya manjano, uliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894 na mtaalamu Otto Warburg, naye aliupata katika nchi hii. Ajabu yake ni kwamba huko Amerika ulikotoka muhogo, batobato hii haiko. Mgeni alifika huku akakutana na adui wa huku.

Baada ya Waingereza kuishika nchi, akafika Amani bwana mmoja jina lake H. H. Storey, mtu mwenye subira. Katika miaka ya 1930 alianza kazi ya kutafuta muhogo utakaoweza batobato. Kwanza akaagiza mbegu za muhogo kutoka nchi nyingi, akazipanda pamoja mahali penye ugonjwa, akangoja. Zote ziliugua, nyingine sana na nyingine kidogo, lakini hapakuwa na uliosimama imara. Basi akawaza hivi: ikiwa katika muhogo wenyewe hakuna, labda katika ndugu zake wa porini yako.

Na hapa, mama zangu, naomba mnisikilize vizuri, kwa kuwa ndugu huyo mnamjua kuliko mimi. Uko mti ambao Wadachi waliupanda kwa wingi wapate mpira wake, nao asili yake ni Brazil pia. Bei ya mpira ilipoanguka karibu na mwaka 1913 mashamba yaliachwa, lakini miti ilibaki, na watu wa pwani wakaona kwamba majani yake hupikika. Ndio kisamvu cha mpira. Kwa kitaalamu mti huo huitwa Manihot glaziovii, na muhogo huitwa Manihot esculenta. Jina la ukoo ni moja, kwa sababu ni watu wa ukoo mmoja. Huo mti ulio nyuma ya jiko, unaouchuma majani ukayatwanga na kuyatia tui, ndio Storey alioufuata.

Alichukua unga wa ua la huu akautia katika ua la ule. Kazi hii si ya mtu wa haraka. Muhogo una maua ya kike na ya kiume katika kishada kimoja, na ya kike hufunguka kwanza. Yapasa ulifunike ua la kike kabla nyuki hajafika, ulipelekee unga kwa mkono wako, kisha ulifunike tena. Tunda lina mbegu tatu tu. Na watoto wa kwanza wa ndoa hiyo walikuwa hawafai kuliwa. Ugonjwa waliuweza, lakini mizizi yao ilikuwa kama kuni, wamemfuata mzazi wa mpira. Ikawabidi kumrudisha mtoto kwa muhogo, na mjukuu kwa muhogo tena, na kitukuu vile vile, na kila mara kuchagua kati ya mamia wale wachache waliochukua nguvu ya upande mmoja na chakula cha upande mwingine. Storey alisaidiwa na bwana R. F. W. Nichols, na baadaye, katika miaka ya 1950, bwana D. L. Jennings akaiendeleza kazi. Najua pia kwamba wako watu wa Amani, wenyeji, waliolima, waliofunika maua na kuhesabu mizizi miaka yote ile. Majina yao hayakuandikwa juu ya vitabu, nami kama karani naona hiyo ni kasoro ya uandishi.

Mihogo iliyotoka pale haikuwa na majina mazuri, ilikuwa na namba tu. Mmoja uliitwa 5318/34. Mbegu za ukoo wake zilipelekwa Nigeria katika miaka ya 1950, na huko ukapatikana muhogo ulioitwa 58308. Miaka ya 1970 wataalamu wa chuo cha kilimo cha Ibadan wakauoza na mihogo mingine, wakapata mbegu nyingi mpya. Mojawapo ikapelekwa Uganda, ikaitwa Migyera, nayo ni katika zile zilizopandwa mahali pa Ebwanateraka baada ya batobato kuimaliza. Basi tazameni safari hiyo: mti wa Brazil unaletwa na Wadachi kwa ajili ya mpira, unaozwa na muhogo katika Usambara, uzao wake unakwenda Afrika ya Magharibi, na baada ya zaidi ya miaka 50 unarudi Afrika ya Mashariki kulisha watu wenye njaa. Na kama mtu angaliikata miti ile yote mwaka bei ilipoanguka, akisema haina faida tena, nani angalimlaumu?

Lakini hadithi haikwisha kwa furaha hivyo. Ugonjwa ulioozesha mihogo yangu si batobato. Ni ule wa michirizi ya kahawia, nao pia Storey ndiye aliyeueleza kwanza, mwaka 1936, katika nchi ya chini ya milima ya Usambara. Kwa miaka mingi ulijulikana kuwa ni ugonjwa wa pwani, tangu Kenya mpaka Msumbiji, na kando ya Ziwa Nyasa. Ukipanda juu ya milima huuoni. Kisha mwaka 2004 ukaonekana Uganda, mbali na bahari, katika nchi ya juu. Ulikuta nini huko? Ulikuta mashamba yaliyojaa mihogo mipya iliyochaguliwa kwa kuweza batobato, na mingi kati yake haikuuweza huu wa pili. Nguvu ya kuzuia ugonjwa mmoja si nguvu ya kuzuia yote. Chembe zake ni nyingine.

Huku kwetu, mihogo ya Amani ilikuwa imechaguliwa mahali ambapo magonjwa yote mawili yapo, kwa hiyo baadhi yake ilikuwa na akiba ya yote mawili. Mmoja wenye namba 46106/27 ulibaki mikononi mwa watu. Pwani ya Kenya wakauita Kaleso. Na huku kusini kwetu uko muhogo unaoitwa Namikonga, ambao wazee wetu wanausifu kwamba hauozi ovyo. Wataalamu wa siku hizi walipopima chembe za urithi za Kaleso na za Namikonga, waliona kwamba ni muhogo mmoja. Na mwaka 2016 walipozisoma chembe zote za muhogo moja baada ya moja, wakakuta ndani ya Namikonga vipande vilivyotoka kwa mti wa mpira, vimekaa pale tangu siku za Storey. Nilipoyasoma haya nilicheka peke yangu ofisini. Namikonga nimeuona kwetu tangu utoto, nami nikavuka bahari na mizigo miwili ya muhogo wa kuoza!

Yafaa niseme pia ukweli wa upande wa pili. Namikonga hausifiwi na kila mtu, na wako wakulima waliouacha kwa sababu wameona mwingine unazaa zaidi. Pwani ya Kenya watu wanaupenda Kibandameno kwa utamu, ijapokuwa unaugua upesi. Mkulima si mjinga anapouchagua mtamu: muhogo si dawa, ni chakula, na anayeuuza humsikiliza mnunuzi. Shida yaanza pale ule mtamu unapobaki peke yake.

Jambo hili si la muhogo tu. Mkiingia dukani mwaona adesi, zile dengu ndogo nyekundu ambazo watu huzila na wali. Asili yake ni nchi za Sham na Uturuki, nazo zimelimwa huko maelfu ya miaka. Zilipopelekwa Bara Hindi zamani, nyingi hazikupatana na majira ya huko, zikachelewa kutoa maua. Zikabaki chache tu zilizoweza, na adesi za India, Nepal na Bangladesh zote ni uzao wa hizo chache. Zikienea nchi pana namna ile, zilikuwa kama jamaa wa nyumba moja. Wataalamu walipotaka kuziongezea mazao na nguvu ya kuzuia magonjwa walikwama, mpaka walipoleta adesi ya kutoka Argentina, iitwayo Precoz, yenye punje kubwa na inayotoa maua mapema, wakaichanganya na zile. Hapo mlango ukafunguka.

Mahali palipotunzwa aina nyingi za adesi ni ghala la mbegu karibu na mji wa Aleppo, katika Sham. Vita vilipoingia nchi ile, kazi ikawa haiwezekani tena. Lakini wenye ghala walikuwa na busara: walikwisha kupeleka nakala za mbegu zao katika ghala lililochimbwa ndani ya mlima huko Svalbard, kaskazini ya mbali kwenye barafu, lililofunguliwa mwaka 2008. Mwaka 2015 wakaenda kuzichukua, wakazipanda upya Lebanon na Morocco, na baada ya kuzizidisha wakarudisha nyingine mlimani.

Adesi ni punje kavu, yaweza kukaa katika barafu miaka mingi. Mti wa muhogo hauwezi. Ukiukata na kuuweka, baada ya majuma machache umekauka. Wako wataalamu wanaotunza vijimche vya muhogo katika chupa, lakini hiyo ni kazi ya gharama, na hawawezi kuwa na kila mbegu ya kila kisiwa. Basi ghala la muhogo wa Mafia ni shamba la muhogo la Mafia. Aina ikitoka katika shamba la mwisho, imekwisha. Katika maandiko ya mabwana shamba wa Tanzania limo jina la muhogo uitwao Kigoma Mafia, na nilipolisoma nilifurahi kuona kisiwa chetu kimo katika orodha. Nataka kujua kama yuko mtu hapa leo anayeupanda, na kama anauita hivyo.

Sababu ya kusema haya sasa ni kwamba nasikia katika vijiji vingine watu wanajitayarisha kung'oa mihogo yote ya zamani kwa kutazamia mbegu mpya. Mimi si adui wa mbegu mpya. Wenzetu wa Unguja walipata mbegu nne mwaka 2007, nazo ni Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui, zilizochaguliwa kwa kuweza magonjwa, na nimesikia zimewafaa. Mbegu mpya iliyo safi na ipokelewe. Ila hata wale waliozitengeneza walihitaji za zamani za kuanzia, na ugonjwa nao haukai mahali pamoja, hubadilika. Kwa hiyo nawaomba kila nyumba iache safu chache za mbegu zake pembeni. Sisemi nusu ya shamba. Bibi jirani yangu, safu zake za kila mbegu hazizidi tatu.

Na mtu asilete miti kutoka bara kama nilivyofanya mimi. Ugonjwa wa michirizi huchukuliwa na inzi weupe wadogo wanaokaa chini ya majani, lakini inzi hana mwendo mrefu. Anayeuvusha bahari ni mtu mwenye mzigo wa miti. Kabla ya kukata mti wa kupanda, hata kwa jirani, utazame ungali na majani. Batobato utaiona juu, katika majani machanga yaliyokunjamana. Michirizi huonekana chini, katika majani makubwa ya zamani: manjano yanayofuata mishipa ya jani, na pengine mistari ya kahawia katika mti mbichi. Watu wengi huyadharau majani hayo ya chini, wakidhani yamezeeka tu. Kisha ng'oa mzizi mmoja wa mti huo uukate. Ukiona doa hata dogo, usipande wala usimpe mtu.

Waalimu nina ombi kwenu. Watoto wanajua mambo mengi ya shamba wasiyoulizwa. Wapeni kazi ya kuwauliza bibi zao majina ya mihogo yao: rangi ya kikonyo cha jani, ganda la ndani ni jeupe au jekundu, ni mtamu au mchungu, unakaa ardhini miezi mingapi bila kuharibika, na ulitoka kwa nani. Hili la mwisho lisisahauliwe. Mara nyingi jibu ni kwamba uliota wenyewe, kutokana na punje iliyoanguka, na mwenye shamba akauacha aone utakavyokuwa. Huo ni muhogo mpya kabisa, wenye baba na mama, usiokuwako duniani kabla yake. Bibi yangu wa jirani anao mmoja wa namna hiyo, na ni katika wale wanne waliokuwa safi. Hajaupa jina bado.

Nimeleta daftari, liko mezani. Bibi mwenyewe yupo, amekaa pale karibu na mlango, naye ameleta miti ya mbegu zake sita ikiwa na majani yake, anayetaka kuitazama aitazame kabla jua halijachwa. Na yeyote mwenye mbegu ambayo yeye hana, amesema yu tayari kubadilishana, ila kwanza ataigeuza majani ya chini.